Wivu Wangu kwa Doto

Siku ile ya kutundika mizinga ya nyuki naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku nilipoanza kumwonea wivu ndugu yangu, na mpaka leo sijaacha.

Baba yako mdogo Doto na mimi ni mapacha. Mimi nilitangulia kutoka, ndiyo maana nikaitwa Kulwa. Kwetu Unyamwezi mapacha hawapunjani. Mama akinipa kipande cha nyama, Doto atapata kama hicho hicho. Michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, ilipimwa kwa macho, na ole wako useme cha mwenzako kikubwa! Wazee waliamini pacha akipunjwa huugua.

Tulipokua nikapata ukarani mjini, nikapanga chumba mtaa wa Cheyo. Doto akabaki kijijini Kwihara na jembe lake. Basi nikajiona nimeyapatia maisha. Nyama ya kukaanga kila jioni, sigara moja inawasha nyingine, chumvi naiongeza kabla sijaonja. Hata kwenda kazini, palipokuwa pua na mdomo tu, nilingoja rafiki anipakie kwenye pikipiki.

Nikaja nyumbani likizo, baba akatutuma porini kutundika mizinga. Hatukufika mbali. Kifua kilinibana, nikatua mzinga, nikakaa chini nahema. Doto akarudi, akaubeba na wa kwangu, huku anapiga mluzi. Huo mluzi, mwanangu, uliniudhi kuliko tusi.

Nilifika nyumbani nimevimba kwa hasira.

"Mama, huyu unamlisha nini unachoninyima mimi?"

Mama alikuwa anapepeta mtama. Hakuinua hata uso.

"Kulwa, mimi niliwagawia sawa, tangu tumboni. Hayo mengine umejipakulia mwenyewe."

Ningesikia hapo, ningepona. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Leo nina dawa za presha kando ya kitanda, na ngazi za kanisani napanda kwa vituo. Doto anakuja misa kwa miguu kutoka Kwihara, halafu ananiuliza mbona nimechelewa! Watu hudhani ni mdogo wangu, nimemzidi miaka mingi. Inaniuma, sikufichi.

Ndiyo maana juzi, ulipotoka kupima ukaniambia, "Baba, presha ni ya ukoo, sina la kufanya," nilimkumbuka Doto. Sisemi ukoo hauna lake, lake lipo. Lakini ukoo wa Doto ni upi, kama si wangu?

Basi nisikie. Tembea kila siku, hata kama bodaboda anakuita kwa jina. Chumvi ibaki jikoni, isije mezani. Mboga za majani, maharage na matunda uvipende kama unavyopenda chipsi. Sigara iache, usiseme kesho. Lala mapema, na kinyongo usilale nacho. Hilo nakuambia mimi ninayelijua. Vidonge ukipewa, meza kama daktari alivyosema, na urudi kupima hata ukijiona mzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nikuambie na la mwisho. Siku hizi wivu wangu kwa Doto umepungua, umehamia kwako. Wewe umeambiwa mapema, na miguu bado unayo.

Mungu akupe moyo mzima, mwanangu, uniudhi kwa mluzi wako miaka na miaka.