Chupa ya Wageni

Mama mkwe wangu hakuwahi kutia kitu mdomoni mbele ya mtu bila kumkaribisha. Hata hindi la kuchoma alilivunja. Nilipoolewa pale kwake, kilimani nje ya mji wa Iringa, miaka ile ya hamsini, mume wangu alikuwa kazini Mbeya. Tukabaki wawili, na nikampenda upesi kuliko nilivyompenda mwanawe. Nasema kweli tupu.

Moyo ulikuwa ukimsumbua. Miguu ilivimba, na kupanda kwenda kanisani kulimshinda. Zahanati ya misheni ilimpa dawa ya maji, chungu kweli, kwenye chupa iliyobandikwa kipande cha karatasi chenye mapengo ya kuonyesha kila dozi inaishia wapi. Chupa ya wiki nzima ikawa inaisha katikati ya wiki, na yeye bado anahema kama aliyebeba mtungi. Mtoa dawa, ambaye sote tulimwita Bwana Dawa, akaingiwa na hofu. Dawa hiyo ikizidi, alisema, inausimamisha moyo wenyewe. Nililia njia nzima kurudi nyumbani. Kesho yake Bwana Dawa akaja kwa baiskeli ajionee.

Alasiri vikongwe wawili wa jirani wakapiga hodi.

"Kamwene!"

"Kamwene, karibuni!"

Mama mkwe akatoa chupa, akamimina kijikoni, akampa wa kwanza, akampa wa pili, kisha akanywa yeye. Wageni wakakunja nyuso, wakashukuru. Kwetu hilo lilikuwa jambo la kila siku, wala hakuna aliyeliona la ajabu.

Bwana Dawa alingoja mpaka wageni wakaondoka. "Bibi, dawa hii ni ya moyo mgonjwa. Mwenye moyo mzima itamdhuru. Na wewe unabaki na pungufu."

"Sasa baba, ninywe peke yangu, wenzangu wananitazama? Mimi mchawi?"

Hakubishana naye. Alirudi baadaye na chupa mbili: moja ya dawa yake, nyingine ya maji ya sukari na peremende. Akafunga uzi mweusi shingoni mwa ile chungu, akamshikisha, maana macho yake yalikuwa hafifu, mpaka akaitambua kwa vidole.

"Yenye uzi ni yako, Bibi. Hii nyingine ni ya wageni."

Wageni waliisifu dawa mpya. Mmoja aliapa imemponya magoti, na mama mkwe akanikonyeza. Uvimbe ukapungua. Pasaka alipanda kanisani kwa miguu yake, mimi nyuma nimembebea kigoda, na hakukikalia hata mara moja. Bwana Dawa aliendelea kupita, akiinua chupa kwenye mwanga na kuuliza alivyolala.

Sasa niko Mbeya, mzee kuliko alivyokuwa yeye, na moyo wangu umeanza mchezo ule ule. Dukani kijana hunisukumia kopo la vidonge dirishani na kumwita mwingine. Watoto hupiga simu. Namtamani mama mkwe mpaka kifua kinauma, na maumivu hayo si ya ugonjwa.

Kila asubuhi, kabla ya kumeza, natazama mlangoni. Kopo langu nimelifunga uzi mweusi, ingawa hakuna jingine la kulichanganya nalo.