Chakula Alichotutafunia Mama

Mama alianza kulalamika tumbo tukiwa bado wageni Tindiga. Tulikuwa tumehama na ng'ombe kutafuta malisho, tukajenga boma letu pembeni ya mashamba ya mpunga ya watu waliotutangulia kwa vizazi. Walinunua maziwa yetu, tukanunua mahindi yao, lakini kisima chao hakikuwa chetu. Sisi tulichota lamboni, mahali pale pale mifugo ilipokunywa.

Maumivu yalimshika akiwa na njaa, na akila yalimshika vilevile. Alilamba magadi, akanywa supu ya mizizi, akajifunga shuka tumboni na kuendelea kukamua. Alipotapika vitu vyeusi kama majani ya chai, nilimpakia kwenye bodaboda, nikakaa nyuma yake nikimshikilia mpaka hospitali ya Kilosa.

Kiswahili cha mama kiliishia kwenye salamu na bei ya maziwa. Mimi niliyepelekwa shule ndiye niliyekuwa mdomo wake. Tulipokaa kwenye benchi kusubiri, mwanamke wa pembeni alivuta kanga yake isiguse shuka la mama. Mama aliona, akajisogeza ukingoni.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwamkia mama shikamoo, akampima, na majibu yalipotoka akanigeukia mimi.

"Ni bakteria wanaokaa tumboni," alisema. "Wengi wanaokuja kutoka maboma ya wafugaji ninawakuta nao. Hata wanaohamia kwenye mashamba ya miwa kule Ruaha. Ni maji, na ni kuishi wengi pamoja. Mmoja akiwa nao, nyumba nzima inaambukizwa."

Kimaasai cha nyumbani kwetu hakikuwa na neno la bakteria, kwa hiyo nilisema wadudu wasioonekana. Mama aliinamisha kichwa.

"Muulize, watoto aliwalisha vipi walipokuwa wadogo?"

Jibu nililijua. Nililishwa hivyo, na nikamwona akiwalisha wadogo zangu wote: anatafuna nyama mpaka inalainika, anaitoa kwa vidole, anamwekea mtoto mdomoni. Nilimweleza daktari huku nikimwonyesha kwa mkono. Akasema taratibu kwamba hiyo nayo ni njia mojawapo wanayopitia.

Mama alinishika kiwiko. "Anasema nini?"

Nilimrekebishia shuka begani.

"Anasema niliwalisha ugonjwa?"

"Hapana, mama. Anasema ni maji."

"Usinidanganye. Nimekuona ukionyesha mdomo wako." Akamgeukia daktari mwenyewe, akamwambia kwa lugha yetu, kana kwamba angeelewa: "Hawakuwa na meno. Ningefanyaje?"

Daktari alinitazama akisubiri. Badala ya kutafsiri, nilimwuliza dawa zinamezwaje.

Mama alimeza dawa zote, hata zile zilizomwachia ladha ya chuma mdomoni. Kwa muda alikula, akanenepa kidogo mashavuni. Lakini mtoto wa kaka yangu alipoanza kujifunza kula, mama hakumgusa. Akiletewa, alisema mikono yake inanuka moshi, akatoka nje. Wifi yangu alilia, akidhani mtoto wake amechukiwa. Nilipomweleza sababu, alilia zaidi.

Kiangazi lambo likapungua likabaki tope. Tulichuja maji kwa kitambaa, na kuni za kuchemshia zikawa za kugombania na wenye mashamba. Maumivu ya mama yakarudi. Safari hii tulimfikisha Mikumi, na kutoka pale tukaelekezwa hospitali kubwa, akashushiwa mpira wenye kamera kooni. Waliona uvimbe wa saratani, ambayo bakteria wale huweza kuileta. Waliniita pembeni, wakaniambia nimrudishe nyumbani akae na watu wake.

Alifariki mchana, ng'ombe wakiwa malishoni. Siku zake za mwisho aliwaita wadogo zangu mmoja mmoja, akawabonyeza tumboni na kuwauliza kama panauma. Wote walimjibu hapaumi. Sijui kama aliwaamini.

Baada ya msiba niliwachukua wote tukapimwe Kilosa. Mimi ninao. Kaka anao, wifi anao, wadogo zangu wote wanao. Mtoto, ambaye bibi yake hakuwahi kumlisha hata tonge, anao.

"Mtatumia dawa kama alivyotumia mama," daktari yule yule alisema. "Lakini mkirudia maji yale, mtaambukizwa tena."

"Maji mengine yako wapi, daktari?"

Alishusha macho mezani. Akanisukumia pakiti za dawa na kuniomba nimwite anayefuata.