Mshale wa Mtungi wa Gesi

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kigoda, kati ya ukuta na mtungi wa gesi, goti lake bovu amelinyoosha mbele. Naanzia hapo kwa sababu ndipo ninapopaona kila nikifumba macho.

Ilikuwa asubuhi ya Komunyo ya Kwanza ya mjukuu wetu. Nyumba yetu iko mlimani kwenye mawe, huku Ilemela, na jiko ni chumba kidogo cha uani chenye mlango mmoja. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Sufuria mbili za ndizi zilikuwa motoni, gesi imefunguliwa mpaka mwisho kwa muda mrefu, kisha moto ukaanza kufifia. Nikaugusa mtungi. Ulikuwa baridi kama sangara aliyetolewa kwenye barafu, na ubavuni umeota weupe wa jalidi. Mshale wa kipimo kilicho kwenye kichwa chake ulikuwa umeshuka sana.

Nikasema gesi imeisha. Watu wengi kwetu wakifika hapo hukalisha mtungi kwenye beseni la maji ya moto ili utoe mabaki. Mke wangu alisema mtungi ni wa juzi tu, na alipounyanyua alfajiri ulikuwa mzito. Nilimjibu wageni wakisikia:

"Mama, wewe kemia uliisomea wapi?"

Mimi nilimaliza kidato cha nne. Yabisi, kimiminika, gesi: nilizikariri zote. Akaendelea kumenya ndizi.

Nikaukalisha mtungi kwenye beseni, lakini maji ya kwanza yalipoa upesi. Ndipo nikafanya jambo ambalo sina wa kumsingizia: nikalipandisha beseni, na mtungi ndani yake, juu ya jiko la mkaa lililokuwa linawaka. Moto ukarudi kwa nguvu, nikamwangalia mke wangu nione kama ameona. Mshale ukapanda. Ukaingia kwenye nyekundu na haukusimama. Maji yakaanza kutokota kuzunguka chuma, na kichwani pa mtungi ukatoka mluzi mwembamba, pamoja na harufu ya gesi.

Mke wangu aliweka mkono ukutani ainuke. Goti likakataa.

Mimi, niliyekuwa upande wa mlango, nilikimbia. Nilijikuta nimesimama nyuma ya jiwe kubwa la uani, nimeziba masikio, nikisubiri kishindo. Binti yetu, mwalimu wa kemia, alinipita akiwa na ndoo ya maji ya mvua. Nilisikia mkaa ukilia ulipomwagiwa. Kisha akatoka kinyumenyume, anamburuta mama yake kwa makwapa, wote wamejaa majivu.

Kishindo hakikuja. Mluzi ulinyamaza mtungi ulipopoa. Binti yangu alipoweza kuusogelea, aliniambia niunyanyue. Ulikuwa bado mzito. Nikautua.

Alichukua kalenda ya zamani, akachora nyuma yake. Joto linakwenda kulia, mgandamizo unapanda juu. Kati akapitisha mstari uliopinda kuelekea juu: upande wa juu ni kimiminika, upande wa chini ni gesi, na juu ya mstari wenyewe vyote viwili vinakaa pamoja. Akasema mtungi wangu ulikuwa kwenye mstari huo muda wote. Gesi ikitoka kwa wingi, kimiminika kilichobaki hupoa, nasi tunateremka kwenye mstari. Ukikipasha moto, tunaupanda.

"Baba, mshale ulikuwa unakusomea joto," alisema. "Kikibaki kikombe kimoja au ukiwa umejaa, kwa joto lile lile utaonyesha pale pale. Ukitaka kujua kiasi, nyanyua."

Mama yake alikuwa ameunyanyua alfajiri.

Tulikwenda kanisani tumechelewa, tukala ndizi nusu mbichi, na wageni walikuwa na adabu ya kutouliza. Walipoondoka, mke wangu alikaa kitandani akijipaka dawa kwenye goti lililochubuka. Nilitaka kuanza na habari ya mshale, kwamba yeyote angeweza kukosea. Akanitangulia.

"Ulikuwa wapi?"

Nilimwambia nilikimbia. Nilimwambia pia kwamba sikumkumbuka mpaka nilipofika nyuma ya jiwe, na hata nilipomkumbuka sikurudi.

Alifunga kopo la dawa. "Siku nyingine," alisema, "mlangoni nikae mimi."

Siku hizi mtungi uko nje, na kigoda cha mke wangu kiko kizingitini. Akipika, mimi hukaa ndani, upande wa ukuta. Bado naogopa, lakini nakaa.