Nyambizi na Kikombe cha Maji

Binti yangu aliponiambia amekubaliwa kwenye jeshi la majini, akasomee kupiga mbizi, nilimpa mgongo. Niliingia shambani kung'oa magugu kwenye ndengu, na kwa zile hasira nikang'oa na ndengu zenyewe. Mke wangu alisimama kando akaniomba nitoke, maana ndengu hazijanikosea.

Sisi ni watu wa Siakago. Maji kwetu ni ya mtungi. Bwawa la Kiambere tunalijua kwa mamba wake na kwa nyaya za stima zinazotupita juu ya vichwa zikipeleka umeme kwa wengine. Mtoto wa huku atatafuta nini chini ya bahari? Niliogopa, na sikuwa na wa kumwambia, basi nikashika simu nikawa nasoma habari za nyambizi. Najua kupiga mbizi si kupanda nyambizi. Nilisoma tu.

Nikanaswa na moja ya zamani, miongoni mwa zile za kwanza kabisa. Mabaharia walijibana humo pamoja na injini ya petroli, wakabeba na panya weupe ndani ya kizimba. Panya akilegea, walijua mvuke wa petroli umezidi, wapande juu upesi. Nyambizi hiyo ilifanya mazoezi miaka kadhaa, ikapitwa na mpya, ikauzwa kama chuma chakavu. Ilipokuwa ikivutwa kwenda kukatwa, bahari ilichafuka, waliokuwa wakiivuta wakaachilia kamba, nayo ikazama. Nilitafuta waliokufa. Hakukuwa na mtu ndani. Badala ya kushukuru nilikasirika, nimemaliza bando zima la simu kutafuta maiti asiyekuwepo.

"Baba, hii Kenya hatuna submarine hata moja," binti yangu aliniambia tukichambua ndengu.

"Na huko chini, panya wako ni nani?"

Alicheka, halafu akaona sichezi. "Kuna mwenzangu anabaki juu ameshika kamba. Nikivuta, ananitoa."

Angetaja kitu kingine chochote ningepumua. Alitaja kamba. Tangu hapo sikutulia. Nilikuwa naketi, nainuka, nakwenda kuangalia mbuzi ambao nimetoka kuwaangalia.

Kwetu mtoto haanzi safari kubwa kabla mzazi hajamtemea mate kifuani. Ndiyo baraka, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Asubuhi ya kuondoka alisimama mbele yangu, begi mgongoni, shati limepigwa pasi. Nikakusanya mate, sikupata kitu. Kinywa kilikuwa kikavu kama unga.

"Mama, ngoja kidogo," nikamwambia. Amerithi jina la mama yangu, na ndivyo nimemwita tangu azaliwe.

Mke wangu akaniletea kikombe cha maji. Nikajaza kinywa, nikamtazama mtoto, nikameza. Nikajaza tena, nikameza. Kikombe kikaisha. Hapo sote watatu tukajua si kiu. Mke wangu akageuka akaangalia ukuta.

Binti yangu akachukua kikombe, akaenda mwenyewe kwenye mtungi, akarudi nacho kimejaa.

"Kunywa tu, baba," akasema. "Lakini ya mwisho ni yangu."

Nikanywa, polepole, nikiwa namwangalia. Ya mwisho nilimtemea. Yalikuwa mengi mno, yakamlowesha shati lote lile la pasi, na nilimwona hadi kule kwenye kona ya barabara akitembea bila kujipangusa.