Kilio Alichokisubiri Haloo

Miaka ishirini na tisa mama huyu alikaa mbele ya mitambo ya simu ya hospitali kuu, akiunganisha watu na watu. Haloo, subiri nikuunganishe. Haloo, wodi ya wazazi hii. Haloo, daktari ametoka, na usinifokee mimi, sikumficha mfukoni. Jina lake la kuzaliwa likasahaulika kabisa. Majirani, wauza mboga, hata wanawe mwenyewe walipomsengenya, wote walimwita Haloo, naye akaitika bila kinyongo.

Masikio yake, jamani, yalikuwa masikio kwelikweli. Akiwa jikoni alijua nani ameingia sebuleni kwa mlio wa kandambili. Watoto wake wanne hawakuwahi kuiba sukari wakafanikiwa, maana kifuniko cha mkebe kiliwachongea. Siku alipostaafu, wenzake walipomwuliza kama amechoka, alisema, "Macho yamechoka, magoti yamechoka, lakini haya," akazivuta ndewe za masikio yake, "haya bado mapya."

Basi mwanawe wa mwisho, mwoka mikate, akaenda kumwoa fundi cherehani asiyesikia.

Fundi alikuwa amepoteza usikivu akiwa na miaka tisa, baada ya homa kali. Kusema alisema vizuri, ila sauti yake ilitoka nzito na haikupanda wala kushuka. Wewe ukisema, macho yake yanaganda kwenye midomo yako mpaka ujisikie una mchicha kwenye meno. Haloo alimpenda, nisimzulie. Alimsifu mtaa mzima kwa ile mikono, kwamba akikutazama mara moja ukiwa mlangoni, gauni linakukaa kama ulizaliwa nalo. Ila mtoto mchanga si gauni.

Mtoto alipofikisha siku kumi na mbili, Haloo akawasili na mkoba wake mkubwa. Alimchukua mjukuu kabla hata ya kuvua viatu.

"Huyu ndiye mume wangu?" akamwuliza, akipapasa kile kichwa kisicho na unywele. "Mbona umenyoa kabla ya harusi?"

Wakacheka wote. Kesho yake jioni, akawaweka kitako.

"Nitasema na mtanikasirikia," alianza. "Wewe mwanangu unaondoka saa mbili usiku kwenda kuoka, unarudi kumekucha. Huyu mtoto anabaki na mama yake. Akilia, nani anamsikia? Niambieni. Ukuta? Mwezi ukiisha naondoka naye. Maziwa ya kopo yapo madukani. Nitamlea mpaka atakapoweza kutembea mwenyewe na kumvuta mama yake nguo."

Mwoka mikate akatazama vidole vyake. Kijana alikuwa mwema, lakini mbele ya mama yake alilainika kama unga uliozidi maji. Fundi alikuwa ameifuata ile midomo mpaka neno la mwisho, na uso ukamwiva.

"Mama, huyo ni mwanangu."

"Najua ni mwanao. Ndiyo maana nataka awe salama."

Fundi aliinuka. Alimchukua mtoto akaenda naye chumbani, na Haloo, kwa yale masikio yake mapya, akamsikia akilia, kwa sauti kubwa, kama mtu asiyejua kwamba anasikika.

Yaliyotokea siku ya tatu ndiyo yaliyoharibu zaidi. Haloo alimshika mtoto mchana kutwa, eti azoeane naye. Redio ilikuwa inaimba, yeye mwenyewe anaimba juu ya redio, anamrusharusha, anamwonyesha dirisha, anamwonyesha kalenda, anamwonyesha picha ya babu yake marehemu. Mtoto akaanza kulia. Akamnywesha maziwa ambayo Fundi alikuwa ameyakamua, akanywa kidogo, akalia zaidi. Akamrusha zaidi, akaimba zaidi. Weee! Mtoto akawa mwekundu. Na Fundi yuko palepale chumbani, hatua nne tu, amewapa kisogo, anashona.

Haloo angeweza kumgusa bega. Hakumgusa. Alimsubiri mwanawe aamke, na alipotokea mlangoni akipikicha macho, akamwonyesha kwa kidole.

"Haya, jionee mwenyewe. Nusu saa mtoto analia, mama yake hata hageuki!"

Fundi aliona kivuli cha mumewe ukutani, akageuka. Akaona ile midomo, akaona kidole, akamwona mwanawe analia. Aliinuka mpaka kiti kikaanguka. Akamchukua mtoto, akazima ile redio aliyoona taa yake inawaka, akavuta pazia. Akamlaza kifuani pake, akaanza kuguna, mguno mmoja mzito usio na wimbo wowote. Mtoto akashtukashtuka mara mbili tatu, kope zikamshuka, akalala.

"Hakuwa na njaa," Fundi alisema. "Alichoka. Umemwonyesha dunia yote siku moja."

"Bahati tu," akasema Haloo. Lakini alisema akitazama pembeni, na mkwewe hakuweza kumsoma.

Jioni ile Fundi ndiye aliyekuja kukaa mbele yake.

"Mama, kesho kaa na sisi kutwa nzima. Usinisaidie, usiniite. Sikiliza tu. Akilia hata mara moja kabla ya jua kuzama, mchukue. Nguo zake nitazifunga mwenyewe. Asipolia, anabaki na mimi na usiliseme tena jambo hili."

"Mke wangu, una wazimu?" akaruka mwoka mikate. "Mtoto gani asiyelia kutwa?"

"Nimekubali," akasema Haloo haraka, kabla mwanawe hajaharibu. Aibu kidogo aliyoisikia aliimeza. Usiku huohuo akapanga upya mkoba wake, akaacha nafasi upande mmoja, ya nepi.

Asubuhi aliweka kiti karibu na mlango, akakaa mguu sawa. Kitanda kidogo cha mbao cha mtoto kilikuwa kati ya kitanda kikubwa na meza ya cherehani. Haloo akatega masikio. Akasikia bomba la jirani, akasikia mtu anakwangua sufuria, akasikia cherehani ikikimbia na kusimama. Kutoka kitandani mwa mtoto hakusikia kitu. Ghafla Fundi akaacha kushona, akanawa mikono, akamwinua mtoto, akamnyonyesha. Haloo akatazama saa. Hata saa mbili hazijapita tangu anyonye!

"Anabahatisha," akajisemea moyoni. "Anamnyonyesha ovyoovyo, atachoka."

Mara ya pili ikawa vilevile. Kabla ya sauti yoyote Fundi alikuwa ameshafika. Mara ya tatu Haloo aliona kusikiliza hakumpi kitu, na uchovu wa kukaa bure ukamfanya atazame. Akamtazama mtoto kama ambavyo hakuwahi kumtazama mtoto yeyote. Macho yakacheza chini ya kope. Midomo ikajilamba. Kichwa kikageuka kushoto, kikageuka kulia, mdomo wazi, unatafuta. Ngumi ikapanda mpaka kinywani. Hapo Fundi akainuka.

Baada ya kunyonya, mtoto akajinyonganyonga na kukunja miguu tumboni. Fundi akamsimamisha begani, akamsugua mgongo taratibu. Likatoka limbweu la haja, la mzee aliyetoka karamuni. Haloo akacheka kwa sauti, kisha akakumbuka amekuja kufanya nini, akafunga mdomo.

Saa sita mtoto alikuwa macho, mikono inarukaruka. Haloo, ambaye sasa alijiona amefuzu, akajisogeza kitini. Njaa hiyo! Lakini Fundi hakumpa ziwa. Alimtazama kidogo. Mtoto alikuwa anaukwepa uso wake, anatazama ukuta, paji limeiva, akapiga mwayo. Fundi akavuta pazia, akamlaza kifuani, akaguna ule mguno wake, na usingizi ulipomshika vizuri akamlaza chali katika kitanda chake.

Haloo hakuweza kujizuia. Akapunga mkono mpaka Fundi akamtazama.

"Umejuaje?"

Fundi akakaa kwenye ukingo wa kitanda kikubwa.

"Siku tuliyotoka hospitali nilikwenda kufua," alisema. "Niliporudi nikamkuta amelowa jasho uso mzima. Ulimi unatetemeka. Nikampa ziwa, akalikataa, alikuwa na hasira hata kunyonya hawezi. Sijui alilia muda gani, mama. Labda dakika mbili. Labda saa nzima. Hakuna wa kuniambia, na sitajua mpaka nife." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nikaapa sitasubiri kilio tena. Mchana namtazama. Usiku naweka kiganja kwenye ubao wa kitanda chake. Akijipinda tu, ubao unaniamsha."

Haloo akawakumbuka wanawe. Wanne aliwazaa, na wote wanne aliwasubiri walie ndipo ainuke. Alijisifu kwamba hakuna kilio kilichompita. Kwamba mtoto huwa ameshasema mambo mengi kabla ya kulia, hilo halikumjia hata siku moja. Lakini hakulisema. Mapatano ni mapatano, na jua lilikuwa bado juu.

Alasiri ikaingia. Fundi alikuwa amemnyonyesha mtoto mara sita tangu alfajiri, ameshona magauni mawili, na usiku uliopita ni wazi hakufumba jicho kwa hofu. Alijilaza ubavu, kiganja juu ya ubao wa kitanda kidogo, apumzishe mgongo kidogo tu. Mwoka mikate alikuwa anakoroma chumba cha pili. Haloo akaona kope za mkwewe zinashuka, zinapanda, zinashuka. Mkono ukateleza kutoka kwenye ubao, ukaangukia godoro.

Ndipo mtoto akajinyoosha.

Haloo akatazama dirishani. Jua lilikuwa limebakiza kama saa moja na nusu kuzama. Akatazama kitandani. Midomo ikajilamba. Kichwa kikageuka upande wa mama yake, mdomo wazi. Mama yake amelala fofofo.

Moyo wa Haloo ukamwenda mbio. Hakuhitaji kufanya lolote. Hakuna udanganyifu wala hila, ni kukaa tu alipo, kama walivyokubaliana. Kidogo tu na mtoto atalia, na yeye atakuwa amesema kweli, na mkoba uko tayari chini ya meza. Akakaa. Ngumi ikapanda kinywani, ikakosa, ikapata pua. Miguu ikapiga hewa. Haloo akashika kiti kwa mikono miwili. Kaa, akajiambia. Kaa wewe mwanamke, ni kwa faida yake. Mdomo wa chini ukaanza kubinuka, uso mzima ukajikunja.

Haloo akainuka. Magoti yalimuuma na hakuyajali. Alivuka chumba, akamwinua mtoto, akamlaza kifuani kwa mama yake, akamgusa mama mtu bega.

Fundi akashtuka kama aliyemwagiwa maji. Kwanza alimkumbatia mtoto, kisha macho yakakimbilia midomo ya mkwewe. Hofu iliyokuwa machoni mule, Haloo alitamani asingeiona.

"Amelia?" Fundi akauliza. "Mama! Amelia?"

Haloo akasogea dirishani ili mwanga umpige usoni, aonekane vizuri, na akasema polepole.

"Hajalia, mwanangu. Ana njaa tu. Nilimwona."

Mtoto alikuwa ameshalipata ziwa, ananyonya kwa pupa. Fundi akalitazama jua, akamtazama Haloo, machozi yanamtiririka.

"Si ungengoja kidogo tu?"

"Nilingoja," akasema Haloo, na sauti ikamkatika. "Nikashindwa."