Pemba ya Mashine ya Kusaga

Noémie Ndaya alikuwa fundi wa kushona pale Kamina, Mmethodisti, na watu walimwogopa kidogo kwa sababu hakujua kunyamaza akiombwa anyamaze. Mwaka 1953 mume wake, Kisimba, alivutwa na mkanda wa mashine ya kusaga mahindi, akafa kabla injini haijazimwa. Mkanda ule ulizunguka wazi. Kisimba alikuwa amemwomba msimamizi, kapita Stanislas, mbao za kuufunika, akaambiwa angoje.

Baada ya mazishi Stanislas alileta mbuzi. Akasema mashine ile ina roho mbaya tangu zamani: huzimika inapotaka, hunguruma ikikasirika, na siku ile ilimchagua Kisimba.

Katika ukoo wa Kisimba, aliyeua mtu, hata bila kukusudia, hukaa chini kwenye udongo mbele ya wafiwa na kutaja alichofanya. Mjane akishampaka pemba, ule udongo mweupe, huvua nguo ya kilio, neno limekwisha, na hakuna wa kuliuliza tena. Wazee wakakata shauri: iliyoua ni mashine, basi ipakwe mashine.

Mdogo wa marehemu, mwalimu Malachie, alitumwa kumlainisha Noémie, aliyekataa.

“Shemeji, usifanye kichwa nguvu. Bazungu banatengeneza mashini ya kuhesabu. Kama akili iko mule, juu ya nini hii isikuwe na roho?”

“Njo vile, mwalimu? Basi ikuje hapa kwa kilio. Njia inaijua?”

Wanawake waliokuwa mkekani walicheka, kisha wakaona haya.

Siku ya kupaka, Noémie alifika kwenye kinu cha mashine na sahani ya pemba. Wazee walikuwapo, wafanyakazi pia, na Stanislas katika suruali nyeupe. Injini ilikuwa baridi. Akasimama mbele yake.

“Weye njo ulimuua bwana yangu? Ikala chini, sema.”

Alingoja mpaka wazee wakaanza kukohoa.

“Inaogopa,” mfanyakazi mmoja akatania.

“Ingeogopa, ningefurahi. Kesho Bazungu batengeneze mashini yenye kusikia uchungu, miye nitaipaka na mikono yangu. Lakini itaikala chini yenyewe. Hii haijui hata kama Kisimba alikuwako.”

Akageuka, akaiweka sahani chini, karibu na viatu vya kapita.

“Udongo ni huu, kapita.”

“Mama, unanitukana mbele ya bantu yangu?”

“Nakuita muntu. Ni tusi?”

Stanislas aliondoka na suruali yake safi. Wazee wakamgombeza Noémie: atabaki na nguo nyeusi mpaka kufa, na mbuzi atarudishwa. Akawaambia wamrudishe leo.

Lakini pemba haikuwa imepakwa, na kifo cha Kisimba kilikuwa bado wazi mahali pale. Hakuna mfanyakazi aliyekubali kuukaribia mkanda. Kinu kikanyamaza, wanawake wakarudia kutwanga kwa mikono, mpaka Stanislas akaleta seremala na mkanda ukafunikwa kwa mbao.

Malachie alikuja mbio na habari. “Umeshinda, shemeji! Sasa vua nguo ya kilio.”

Noémie hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. “Mbao ni muzuri. Hakuna mwingine atavutwa.”

“Basi?”

“Basi kapita ajue nyumba yangu iko wapi. Bado namungojea.”