Njia ya Mizinga ya Baba

Mdomo wangu umewahi kuniponza mara nyingi, lakini siku ile uliwaponza na wengine. Nilikuwa nikiwapikia wakata mbao wa kampuni iliyopanda msituni juu ya Naro Moru na kibali cha kukata miti ya misaipresi ya kupandwa. Msimamizi wao akaisifu chai yangu, akauliza nimetia nini. Nikajigamba. Nikasema ni asali ya baba yangu, mwenye mizinga kumi na miwili huko ndani, kwenye mithaiti, miti ya asili ambayo watu watatu hawawezi kuikumbatia.

"Na kuna njia ya kufika huko?"

Nikamwonyesha kwa mwiko, bado unadondosha mchuzi wa maharagwe.

Njia ile Baba aliifyeka kwa panga tangu sijazaliwa, upana wa mtu mmoja aliyebeba mzinga begani. Kufikia mvua za masika ilikuwa inapitisha lori. Misaipresi wakaiacha, wakageukia mithaiti, na mizinga ikaanguka pamoja na miti yake. Nilipokwenda kuangalia nilikuta nyuki wakizungukazunguka juu ya visiki, na kijito tulichokuwa tukinywa kimejaa matope. Nililia sana. Kisha nikarudi kuwapikia chakula cha jioni, na hilo sijajisamehe.

Wakati huo Baba alikuwa haoni tena, na mizinga alikuwa amenikabidhi mimi. Kila msimu aliniuliza nyuki wanaendeleaje. Nilimjibu wako salama, nikamletea asali ya kununua Nanyuki, nimeihamishia kwenye kibuyu chake. Alilamba kidole, akakifunika kibuyu.

Mwaka jana, siku ya kupokea mahari ya mdogo wangu ilipokaribia, alisema pombe ya wazee itatengenezwa kwa asali ya mizinga yake, na ataifuata mwenyewe hata kama ni kwa kushikwa mkono. Niliishiwa na uongo. Tukapanda pamoja, polepole.

Mahali fulani alisimama, akavua kofia, akajishika kichwa.

"Tumefika?"

"Bado, Baba."

"Ati bado? Na mbona nasikia jua kwa kichwa?"

Maisha yangu yote, jua halikuwahi kupenya matawi ya pale. Alinyoosha fimbo mpaka ikagonga kisiki, akainama, akakipapasa ukingo wake wote kwa viganja hadi akarudi alipoanzia. Akaketi juu yake.

"Hiyo asali yako nilijua ni ya duka," akasema. "Nilifikiria umekuwa tu mvivu ya kupanda huku. Nikasema ni sawa, bora miti iko."

Halafu akauliza ni nani aliyewaonyesha njia yake.

Nikamwambia sijui.